Saa Nane na Dakika Ishirini na Sita

Fidèle Wacheux alikaa mgodini miaka thelathini na mmoja. Shuleni alikaa mitano, na mmoja katika hiyo aliupoteza kitandani kwa surua. Kusoma alisoma kwa kufuata kidole. Namba tu ndizo hazikumsumbua.

Mgodi wa Hervelin ulipofungwa, wenzake walihamia baa. Yeye alihamia bandani kwa njiwa wake, nyuma ya nyumba, na mkewe Léonie akawa anampelekea kahawa huko huko, maana kumwita aje mezani ilikuwa kujichosha koo bure.

Léonie alifariki Februari. Tumbo. Tangu daktari aseme hadi kaburini, wiki sita. Fidèle alibaki na nyumba ambayo hakujua sukari yake inakaa wapi.

Alibaki pia na njiwa jike mmoja wa kijivu. Léonie alimlea kwa mkono tangu kinda, baada ya mama yake kuchukuliwa na mwewe. Alimwita Mchoyo, kwa sababu akila hufunika chombo kwa mabawa wenzake wasione. Juni ilipofika, Fidèle alimwandikisha Mchoyo kwenye shindano la Châteauroux, mji wa mbali ambako njiwa huachiwa warudi kwao. Njiwa yule alikuwa hajawahi kuruka mbali hivyo. Lakini mzee alitaka kitu alichokilea Léonie kiende mbali, kisha kirudi.

Ukuta kwa ukuta na Fidèle aliishi Lahcen Oumghar. Alikuja kutoka milima ya Moroko akiwa kijana, wakachimba pamoja miaka tisa kwenye njia moja chini ya ardhi. Sasa Lahcen alikuwa na miaka arobaini na minane na kifua cha mtu wa themanini. Vumbi la makaa. Akipanda ngazi sita anasimama, anashika ukuta, anatafuta pumzi. Tangu Léonie afe, kila Alhamisi Lahcen aliweka sufuria ya supu ya dengu juu ya ukuta. Fidèle aliirudisha imeoshwa. Hawakuwahi kulizungumzia.

Na kila Jumapili ya mashindano, Lahcen alianua nguo zote uani kwake kabla ya njiwa kufika. Shuka ikipepea, njiwa hashuki. Anazunguka juu, na dakika zinapotea. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliona tu.

Sasa, saa ya njiwa si saa ya ukutani. Ni kisanduku cha mbao chenye ufunguo. Jumamosi jioni kila mwanachama wa chama cha wafuga njiwa hupeleka yake chamani, zote hulinganishwa kwa pamoja, kisha hufungwa kwa lakiri ya madini ya risasi. Jumapili njiwa akiingia bandani, unamvua pete ya mpira mguuni, unaitumbukiza kwenye tundu, unazungusha ufunguo. Ndani mna utepe wa karatasi. Saa inagonga, karatasi inapata chapa: saa, dakika, sekunde. Jioni lakiri hukatwa mbele ya wote. Pale Hervelin padri aliweza kukosea, na daktari pia. Saa ya njiwa, hapana.

Kosa lilikuwa moja tu: kugonga bila pete. Waliwahi kutokea watu wa kujigongea muda njiwa akiwa bado juu ya paa, halafu wakadai pete imedondoka. Aliyegonga tupu njiwa wake alifutwa, na yeye alikaa nje ya chama miaka miwili. Watu walimkwepa hata kwa muuza mikate.

Jumapili ile Fidèle alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, saa mapajani, vidole kwenye ufunguo. Mchana mweupe, upepo mdogo. Ng'ambo ya ukuta Lahcen alikuwa anaanua shuka za mwisho.

Polisi watatu waliingia kwa Lahcen kupitia kilango cha nyuma. Walikuwa wanatafuta pikipiki iliyoibiwa.

"Fungua hicho kibanda," alisema mkubwa wao. Jina lake Dhaussy. Hervelin nzima ilimjua.

"Mna karatasi, bwana?" Lahcen aliuliza. Aliuliza polepole, kama alivyosema kila kitu, kwa ajili ya pumzi.

"Karatasi ya nini?"

"Ya kufungulia kibanda."

Dhaussy aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Huyu anatufundisha kazi."

Fidèle alisimama, kichwa chake kikapita ukuta. Alipoona vizuri, Lahcen alikuwa amepiga magoti, pingu mgongoni, paji la uso limelalia kapu la nguo. Dhaussy alikuwa anampiga rungu mbavuni. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomkaa Fidèle, siku ile na siku zote baadaye. Alipiga kama mtu anayekung'uta zulia, kwa kipimo, akichagua mahali. Polisi mmoja alikuwa anavuta sigara. Wa tatu alikuwa anatazama mboga.

"Kifua, bwana," Lahcen alisema. "Kifua."

"Kifua kimefanyaje?" Akapiga tena.

Kitu kilivunjika, na Fidèle akakisikia. Vidole vyake vikajikunja vyenyewe. Ufunguo ukazunguka. Saa ikagonga mikononi mwake, tupu.

"We!" Fidèle alipaza sauti. "We, Dhaussy!"

Dhaussy aliinua macho. Hata pumzi haikuwa imempanda. "Babu," alisema, "angalia ndege zako."

Na Fidèle akaangalia ndege zake. Aliinua uso juu, akatazama mbingu tupu, akasubiri. Alisikia wanamburura Lahcen hadi barabarani. Alisikia mlango wa gari. Aliendelea kutazama juu.

Baadaye kidogo Mchoyo alitokea upande wa mnara wa mgodi, akashuka moja kwa moja bila kuzunguka. Fidèle alimvua pete, akagonga. Saa nane na dakika arobaini na moja.

Jioni, ukumbi wa chama ulijaa moshi na kelele. Arsène Poteau, katibu, fundi viatu mstaafu mwenye miwani miwili, alikata lakiri moja baada ya nyingine. Mchoyo alikuwa wa kwanza. Hakuna aliyemkaribia.

"Haya, Fidèle!" walipiga makofi. "Kumbe hukulala!"

Arsène aliinua utepe kwenye taa. "Na chapa hii ya saa nane na ishirini na sita ni ya njiwa gani?"

"Saa iliteleza," Fidèle alisema. "Niliinyanyua vibaya."

Arsène alimtazama juu ya miwani. Saa ikiteleza yenyewe si kosa la mtu. Inapelekwa kwa fundi. Akaandika pembeni: imeteleza. Wanachama watatu wakatia sahihi, utepe ukaingia kwenye kopo la biskuti unapokaa mpaka mwisho wa mwaka.

"Niandike jina lako kwenye ubao wa washindi?"

"Andika la Léonie," Fidèle alisema.

Arsène aliandika kwa rangi nyeupe: Mchoyo, wa Léonie Wacheux. Wakanywa. Mtu alisema mzaha kuhusu njiwa na wajane, na Fidèle akacheka. Wakati anacheka, Lahcen alikuwa hospitali, mbavu tatu zimevunjika, mkono umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda.

Baada ya siku nne Naïma, binti wa Lahcen, aligonga mlango. Alifanya kazi ya dobi hospitalini. Hakutaka kukaa.

"Mzee Fidèle, uliona?"

"Niliona."

"Utasema?"

"Nitasema."

Basi akakaa, akatoa nakala ya maandishi ya polisi, akasoma kwa sauti kwa sababu alijua mzee angechukua asubuhi nzima. Polisi waliandika hivi: saa nane na dakika arobaini, kwenye kona ya duka la mikate, walimsimamisha Lahcen Oumghar. Akampiga ngumi mkubwa wao. Akatoroka mbio mita mia mbili. Akajikwaa, akaangukia jiwe la ukingo wa barabara.

"Mbio?" Fidèle aliuliza.

"Mita mia mbili."

"Baba yako?"

"Baba yangu, Mzee Fidèle. Anayepumzika akifunga kamba za viatu."

Wote wawili karibu wacheke. Kisha Naïma akafunika uso.

Wakili wao, Bi Capelle, alikuja Jumatatu. Mwanamke wa haraka. Alieleza kwamba Lahcen ndiye anayeshtakiwa, si Dhaussy. Kumpiga polisi ni jela.

"Polisi watatu wanasema neno moja," alisema. "Wewe ni mmoja, ni jirani, ni rafiki. Jaji atawaamini wao. Lakini wameandika saa. Saa nane na arobaini ndipo walipokutana naye mara ya kwanza, na redio ya kituo inaonyesha waliita wakati huo. Nikipata kitu kinachothibitisha kwamba kabla ya hapo alikuwa na pingu uani kwake, maandishi yao yote ni uchafu. Unakumbuka ilikuwa saa ngapi?"

Fidèle alijua mpaka dakika. Alijua hata lilipo kopo la biskuti.

"Mchana," alisema.

Naïma alimtazama.

Usiku mzee hakulala, asubuhi hakula. Aliwaza juu ya ubao. Lile jina jeupe ndilo mahali pekee Hervelin, ukiacha makaburi, ambapo Léonie alikuwa ameandikwa. Aliwaza pia juu ya watu kusema Wacheux aligonga tupu. Na alijichukia, maana alipima rangi ya ubaoni na mbavu za mtu kwenye mzani mmoja, na mzani ukasita.

Aliyeuinamisha mzani ni Dhaussy mwenyewe.

Alikuja Jumatano saa nne asubuhi, amevaa kiraia, boksi la keki mkononi limefungwa utepe wa dukani. Aliingia bila kusubiri, akaliweka boksi mezani, akavuta kiti cha Léonie, akakaa.

"Pole kwa mama," alisema. "Sikuja mazishini. Kazi, unajua."

Fidèle alibaki amesimama.

"Nasikia wewe ni shahidi."

"Ndiyo."

"Wa nini, babu?"

"Wa nilichoona."

Dhaussy alicheka kidogo, kirafiki. "Nimeulizia, babu. Jumapili ile jioni ulikuwa chamani. Unakunywa. Unacheka. Umeshinda. Hukumwambia mtu hata mmoja. Sasa jaji atakuuliza: mtu aliyeona rafiki yake anapigwa hivyo, atakwenda kusherehekea njiwa? Utamjibu nini? Ama hukuona kitu, ama wewe ni mtu wa namna gani?" Akafungua boksi. "Kula, hizi za siagi ni nzuri. Mimi nakufikiria wewe tu. Mzee wa watu, umefiwa, uje kuaibishwa mbele ya watu, kwa ajili ya nani? Hawa wakishachoka hapa watarudi kwao. Sisi ndio tunaobaki, mimi na wewe."

Alijichukulia keki moja, akaila yote, akalamba vidole. Alipoondoka alimpigapiga Fidèle begani, taratibu, kwa mkono ule ule.

Fidèle alilichukua boksi hadi kwenye pipa la taka. Akarudi kufuta meza. Akafuta kiti. Akavua shati lililoshikwa begani, akalitumbukiza kwenye maji ya moto. Kilichomkera hasa ni kwamba yule mtu alisema kweli. Aliusoma uozo wa Fidèle na kuutumia kama ufunguo.

Jumamosi alikwenda chamani watu wakiwa wamejaa, wakilinganisha saa.

"Nina neno," alisema. Hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu. Walinyamaza kwa mshangao tu. "Ile saa haikuteleza. Niligonga mimi. Bila pete."

Zéphir, mpinzani wake wa miaka mingi, alipiga meza. "Nilijua! Mwaka huu wote nasema, yule jike hawezi!"

"Jike alirudi saa nane na arobaini na moja. Hilo ni kweli. Lakini nilishagonga tupu kabla." Akaeleza. Alieleza kwa maneno machache: pingu, kapu la nguo, rungu, mbavu. Alieleza na lile la kutazama juu. "Nahitaji ule utepe uende mahakamani."

"Subiri," Zéphir alisema. "Juzi ulitudanganya kwa ajili ya ndege. Leo nani atajua hutudanganyi kwa ajili ya Mwarabu?"

"Saa inajua," alisema Arsène. "Saa ilifungwa na mimi. Wewe Zéphir ulishika taa. Au na wewe ulikuwa umelala?"

Watu wakacheka, Zéphir akakaa.

Arsène alikwenda kabatini, akaleta kopo, akatafuta kwa kidole mpaka akaupata utepe. Hakumpa bado. "Unajua sheria, Fidèle."

"Najua."

"Miaka miwili."

"Najua."

"Na ubao." Arsène alivua miwani yote miwili. "Kaka, mimi siwezi. Niliandika kwa mkono huu. Futa mwenyewe."

Walimpa kitambaa na chupa ya tapentaini. Fidèle alipanda kiti. Rangi ilikuwa imeshakauka, ikabidi asugue. Ilitoka kwa shida, herufi moja moja, Mchoyo kwanza, Wacheux mwisho. La katikati aliliacha kidogo. Kisha akalisugua nalo. Aliposhuka, Arsène akampa utepe.

Mahakamani, Septemba, Dhaussy alisema alivyoandika. Wenzake wawili walisema hivyo hivyo, neno kwa neno, mpaka nukta na koma. Kisha Bi Capelle akauweka utepe mbele ya jaji.

Jaji alikuwa mwanamke mwenye mafua. "Kifaa cha michezo," alisema. "Nani anathibitisha kwamba kilikuwa sahihi?"

Arsène alisimama. Alivaa tai ya chama, yenye njiwa. Alikuja na koleo la lakiri mfukoni, na askari wa mlangoni walishamsumbua kwa ajili yake. "Mimi, Bibi Jaji. Tunazilinganisha kwa ishara ya redio ya taifa. Tofauti ikizidi sekunde tatu, saa hairuhusiwi." Akasita. "Ile yako hapo ukutani imechelewa dakika nne."

Ukumbi ukacheka. Jaji akatazama ukutani, kisha saa ya mkononi. Hakucheka, lakini aliandika.

Kisha Fidèle. Wakili wa polisi alimuuliza sawasawa alivyoambiwa ataulizwa.

"Uliona rafiki yako anapigwa, jioni ukaenda kunywa?"

"Ndiyo."

"Ukacheka?"

"Nikacheka."

"Hukumwambia mtu?"

"Hapana."

"Sasa, bwana, wewe ni mtu wa namna gani?"

"Mbaya," Fidèle alisema. "Lakini ilikuwa saa nane na dakika ishirini na sita."

Lahcen aliachiwa siku hiyo hiyo. Alimshika Fidèle mkono kwenye korido, akasema, "Kaka mkubwa," na pumzi ikamwishia hapo.

Jaji alipeleka maandishi ya polisi kwa wakaguzi wa polisi mjini Lille. Wakaguzi walikuja mara mbili, watu wa suti, wakapima ukuta kwa futi, wakauliza kama Fidèle anakunywa. Walikaa kimya miezi kumi na minne. Miezi hiyo yote Dhaussy aliendelea kupita mtaani kwenye gari lake, na mara moja akapunguza mwendo mbele ya lango la hospitali wakati Naïma anatoka, akamsindikiza hivyo, polepole, bila kusema kitu, mpaka nyumbani. Mwenzake mmoja, yule wa sigara, aliongezwa cheo.

Ilipofika zamu ya Dhaussy kusimama mbele ya jaji, alikuwa jaji mwingine. Kila kitu kilithibitishwa. Alipiga mtu aliyefungwa pingu. Aliandika uongo. Jaji alisema hayo yote kwa sauti safi, hata Fidèle akaanza kunyooka kwenye benchi. Kisha akasoma adhabu: kifungo cha miezi minne, kilichosimamishwa, yaani haendi jela. Na kwa kuwa mshtakiwa ni baba wa familia na mtumishi wa miaka kumi na saba, hukumu isiingizwe kwenye rekodi inayosomwa na mwajiri wake, ili asipoteze kazi.

"Amesema nini?" Fidèle alimuuliza Naïma.

"Amesema ni kweli."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Kwenye korido polisi kumi na tano walikuwa wamejipanga kuta zote mbili, bega kwa bega, wamevaa kiraia. Hawakumzuia mtu. Ila walisimama hivyo kwamba Lahcen, bintiye na Fidèle ilibidi wapite kiubavu, mmoja mmoja, wakinusa manukato ya baada ya kunyoa. Mwisho wa mstari Dhaussy alinyoosha mkono.

"Hakuna kinyongo, babu. Kila mtu alifanya kazi yake."

Fidèle aliutazama ule mkono. Kucha zilikuwa safi sana. Alikohoa kutoka chini kabisa, akatema sakafuni, karibu na kiatu.

"Mzee!" karani akapiga kelele. "Hapa ni mahakamani!"

"Najua," alisema Fidèle. "Ningekuwa nyumbani nisingetema."

Kidogo kando alisimama mwanamke wa usafi na ndoo yake. Fidèle alipomwona aliona haya, akamwomba kitambaa. Mwanamke alikataa, mzee akasisitiza, akakipata. Alipiga magoti kwa shida, akafuta alipotema, akakikamua kitambaa kwenye ndoo, akashukuru. Alipoinuka Dhaussy alikuwa ameshatelemka ngazi na wenzake, wanazungumzia mpira. Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa na zamu.